Ni Reli, Dola au Fikra? Uhakiki wa Mabadiliko ya Jamii kwa Ushahidi wa Kibaha na Kisarawe

  

Ndugu msomaji, katika darsa na semina zetu kuna swali lisilokwisha: ni kitu gani hasa huibadilisha jamii? Wapo wanaosema ni ufundi na mitambo. Ikija barabara, reli, umeme na simu, watu hubadilika wapende wasipende. Wapo wanaosema ni dola. Mwenye sheria na askari ndiye mwenye kuamua watu wakae wapi na waishi vipi. Na wapo, nao ni wengi kati yetu watu wa misikitini, wanaosema ni fikra na itikadi peke yake. Hawa huitegemea aya ya 11 ya Surat Ar-Ra'd, inayofungamanisha hali ya watu na yale yaliyomo nafsini mwao.

Hapa tunakusudia kuzihakiki kauli hizi. Hatutazipima kwa Ulaya wala kwa Bara Arabu. Tutazipima kwa Kibaha na Kisarawe, nchi ya Wazaramo iliyo pua na mdomo na Dar es Salaam, na kwa jambo moja ambalo kila imamu wa huko anaulizwa: shamba la marehemu ni la nani? Tumelichagua jambo hili kwa kuwa kwenye ardhi mitambo, dola na fikra vimekutana mara nyingi kuliko mahali pengine popote, na kwa kuwa ardhi ya wilaya hizi inauzwa hivi sasa tunapoandika.

Tuanze na wenye kauli ya mitambo, kwani ndio wenye sauti kubwa zaidi siku hizi. Tarehe 14 Juni 2024 treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro, ikipita Pugu, Soga na Ruvu, na mwaka huo huo ikafika Dodoma. Kwala, katika upande wa vijijini wa Kibaha, imejengwa bandari kavu ya kupunguza mzigo wa bandari ya Dar es Salaam. Watu wanaambiwa kwamba maisha ya Kibaha sasa yatakuwa mengine kabisa.

Hatukatai. Lakini hii si reli ya kwanza kupita Soga na Ruvu. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Wakati huo dola yote ilikuwa mikononi mwao, na fikra nayo walikuwa nayo, maana wamishionari wa Kilutheri kutoka Berlin walikwisha kufungua kituo Kisarawe mwaka 1892 na kingine Maneromango mwaka 1895, pamoja na shule. Kama reli, bunduki na shule vikiwa mkono mmoja ndivyo vinavyoamua, basi Uzaramo wote ungekuwa wa Kilutheri. Matokeo yalikuwa kinyume. Katika miongo ile ile Uislamu uliingia vijiji vya ndani ukaenea, hata leo Wazaramo walio wengi sana ni Waislamu.

Hapa watu wa misikitini hufurahi na kusema: mmeona, fikra ndiyo iliyoshinda! Wasifanye haraka. Mwalimu wa madrasa aliyetoka mwambao hakuruka angani. Alizifuata njia zile zile za biashara, akafika na wachuuzi, na baadaye akapanda gari moshi lile lile la Mjerumani. Mzaramo aliyepeleka mkaa, mihogo na kuku Dar es Salaam ndiye aliyerudi na kanzu na hirizi, na baada ya hirizi akaja na Qur'ani. Mtambo ulibeba kitu ambacho mwenye mtambo hakukikusudia. Kwa hiyo anayesema reli haikuhusika anakosea, na anayesema reli iliamua naye anakosea.

Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, ameeleza kwamba vizazi hutofautiana hali zao kwa kutofautiana njia zao za kutafuta maisha. Wasomi wa zama za ujamaa waliipenda sana kauli hiyo, wakadhani wamempata Marx aliyetangulia. Lakini Ibn Khaldun huyo huyo amesema pia kwamba wito wa dini hautimii bila ya asabiyya, yaani mshikamano wa watu wenye nguvu ya kuubeba. Wanaomnukuu katika semina huchukua nusu moja tu, kila mmoja nusu aipendayo. Ukizichukua nusu zote mbili ndipo unapopata kipimo kinachofaa kwa habari ya Kisarawe.

Nacho kipimo hicho tukiweke kwenye mti. Kwa asili Wazaramo huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Katika mila hiyo mjomba ana uzito mkubwa, na mali ya mtu huelekea kwa ndugu zake wa tumbo moja na watoto wa dada zake kabla ya watoto wake wa kuwazaa. Mtu alipolima mtama au mpunga kwa kuhamahama, hukumu hii haikuleta mgogoro mkubwa, kwani kipande cha ardhi kilichochoka hakikuwa na thamani ya kugombewa. Ukaja mnazi, na baadaye, hasa baada ya Vita Vikuu vya Pili, mkorosho ukapandwa kwa wingi. Mnazi huishi zaidi ya umri wa aliyeupanda. Baba na wanawe huchimba mashimo pamoja, huchota maji pamoja na kupalilia pamoja kwa miaka kabla ya kuona tunda la kwanza. Baba akifa, je, wanawe watoke na mpwa aingie?

Swali hilo liliulizwa na mti. Mila haikuwa na jibu lililowatuliza watoto. Jibu lilikuwa tayari katika Surat An-Nisaa, aya ya 11, 12 na ya 176, zenye mafungu yaliyopimwa kwa mtoto wa kiume, mtoto wa kike, mama, baba, mke, mume na ndugu. Hii ndiyo hoja yetu: faraidh ilishika Uzaramo pale tu maisha yalipokwisha kuleta swali ambalo faraidh inalijibu. Kabla ya mnazi mwalimu aliweza kusomesha mafungu ya mirathi mwaka mzima, wanafunzi wakayahifadhi, na mazishi yakaendelea kwa mila ya mjomba. Na bila ya mwalimu, mnazi ungeleta ugomvi tu.

Lakini faraidh haikukamilika, na hapa ndipo penye lawama kwetu sisi watu wa elimu. Katika familia nyingi mtoto wa kiume alipata haki yake kutoka kwa mjomba, kisha akaizuia isimfikie dada yake. Sheria ya Allah (s.w.) ilitumiwa kumwondoa mpwa, na mila ikabakishwa kumwondoa binti. Huambiwa binti kaolewa, ana kwa mumewe. Hatujui madhehebu yoyote inayosema hivyo.

Sasa tuitazame dola. Mwaka 1902 utawala wa Kijerumani ulianzisha mashamba ya pamoja ya pamba, watu wakilazimishwa kuyalima kwa zamu, na eneo la Uzaramo likawa miongoni mwa yaliyopata taabu hiyo. Ilipozuka Maji Maji mwaka 1905, moto ulifika huku, na Kibasila wa Kisangire akanyongwa. Miaka 65 baada ya pamba ile, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Ujamaa Vijijini, ukiwaita watu wakae pamoja na kulima pamoja kwa hiari. Neno hiari lilikuwamo, na ni haki kulitaja. Novemba 1973 likaja tangazo kwamba kuishi vijijini ni amri, na ifikapo mwisho wa 1976 wote wawe wamehamia. Ikawa Operesheni Vijiji.

Hatusemi Nyerere na Mjerumani ni sawa. Nia zao hazifanani hata kidogo. Kosa la waraka, kwa rai yetu, lilikuwa la kielimu: haukuuona mti. Uliiona ardhi kama uwanja mtupu ambao watu wanaweza kupangwa juu yake upya. Mkulima wa Pwani hakuwa amekaa mbali na wenziwe kwa ubinafsi; alikaa kando ya minazi na mikorosho yake, ailinde na kuiokota. Alipohamishwa, miti ilibaki porini. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilivuna chini ya tani 20,000. Wataalamu wanataja pia ugonjwa wa ubwiri unga na bei mbaya, nao wana haki, lakini kuwatenga watu na miti yao kumo katika kila maelezo ya uadilifu.

Fiqhi ilikuwa na la kusema hapa, na haikusema kwa sauti. Kuhusu kuhuisha ardhi iliyokufa, Imam Shafi (r.a.) anaona kwamba mwenye kuihuisha huimiliki hata bila ya idhini ya mtawala, Imam Abu Hanifa (r.a.) anashurutisha idhini, na wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad bin Hasan, wamemkhalifu. Kwa madhehebu inayofuatwa Pwani, basi, aliyefyeka pori na kupanda minazi alikuwa mmiliki kamili. Dola ilikuwa na mtazamo mwingine tangu sheria ya Waingereza ya mwaka 1923, iliyoifanya ardhi yote kuwa ya umma. Sheria za ardhi za mwaka 1999, namba 4 na namba 5, zimeendeleza msingi huo huo: ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, na raia ana haki ya kuikalia na kuitumia.

Anaweza mtu kuitetea dola kwa kitendo cha Sayyidna Umar (r.a.), ambaye alikataa kuwagawia wapiganaji ardhi ya Sawad ya Iraq, ijapokuwa Bilal (r.a.) na wenzake walimpinga, akaifanya ya Waislamu wote. Hoja hii ina nguvu mpaka utazame alichowafanyia wakulima. Aliwaacha juu ya ardhi yao, kando ya mitende yao, akawatoza kharaji. Hakumhamisha mtu. Na alipotaka kuupanua Msikiti Mtakatifu wa Makka mwaka 17 Hijria alizinunua nyumba za jirani, na waliokataa kuuza alizibomoa nyumba zao lakini thamani akaiweka amana mpaka walipoichukua. Maslahi ya umma yanatambulikana katika sheria yetu, na fidia inatambulikana pamoja nayo. Wakazi wa kandokando ya barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, waliobomolewa nyumba zao mwaka 2017 wanaielewa hoja hii bila ya kufundishwa.

Je, vijiji vilivyoundwa kwa operesheni vina hukumu gani leo? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imethibitisha ugawaji uliofanyika baina ya 1970 na 1977, na hivyo aliyepewa kipande cha mwenziwe amekuwa mwenye haki mbele ya mahakama. Kabla yake sheria ya mwaka 1992 ilijaribu kuzifuta haki za zamani kwa jumla, na Mahakama ya Rufani, katika shauri la Lohay Akonaay mwaka 1994, ikasema kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Sisi tunaona kwamba kizazi kilichokwisha kukaa miaka hamsini mahali alipowekwa babu yao kwa amri hakiwezi kuitwa kizazi cha maghasibu, kwani hawakunyang'anya wao. Lakini minazi ambayo mwenyewe anajulikana, na warithi wake wapo, si halali kwa mwingine kwa sababu tu uongozi wa kijiji ulichora mstari. Na misikiti iliyojengwa katika viwanja hivyo, swala humo zinasihi kwa Mashafi. Dhambi ya ardhi ya kunyang'anya, ikiwapo, wanaichukulia kuwa jambo jingine. Hanbali katika kauli yao mashuhuri hawaisihishi. Imamu mwenye kujali awatafute wenyewe awaombe radhi, na wengi hutoa kwa moyo mkunjufu wakiombwa.

Kauli ya tatu, ya fikra, tumekwisha kuigusa. Iliyobaki ni kuitazama shule. Mwaka 1963 nchi za Nordiki zilianza mradi mkubwa Kibaha wa shule ya sekondari, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima, wakaukabidhi kwa serikali mwaka 1970, nao ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Sekondari ya Kibaha imetoa madaktari na wahandisi wa nchi nzima, na hospitali ya Tumbi ni tegemeo la mkoa. Hayo ni mema. Ila wanafunzi wa shule hiyo huteuliwa kutoka kila pembe ya Tanzania, husoma, huondoka. Elimu inaweza kukaa miaka sitini mahali isiguse namna jirani zake wanavyorithishana, kwa sababu hakuna anayeibeba kutoka darasani mpaka kwenye kikao cha arobaini. Hiyo ndiyo asabiyya tuliyoitaja.

Zamani mbebaji alikuwa kadhi. Mwaka 1963 mfumo wa mahakama uliunganishwa na mahakama za makadhi na maliwali zikaondoka Bara. Madai ya kuzirudisha yamepita katika ilani ya chama tawala ya mwaka 2005 na katika mabishano mengi baadaye, na makadhi waliopo chini ya BAKWATA hawana nguvu ya kidola. Wengi wetu tumeitumia hali hii kama udhuru. Wakati huo huo sheria iliyopo inairuhusu Mahakama ya Mwanzo kusikiliza mirathi kwa sheria ya Kiislamu. Ukoo hukaa kikao, humpendekeza msimamizi wa mirathi, mahakama humteua, naye huwasilisha orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo. Mahali palipo wazi katika mtiririko huo ni pale pa kuandika nani apate ngapi. Kama imamu hakukaa kikaoni na karatasi yake, ataandika mwenye sauti kubwa.

Na sasa mwenye sauti kubwa ana haraka. Dar es Salaam imekwisha kumwagikia Kibaha na Kisarawe. Dalali anapiga picha ya shamba kwa simu asubuhi, jioni mnunuzi ametuma malipo ya awali kwa simu hiyo hiyo. Mashamba hayo mengi ni tirka ambazo hazijagawanywa tangu afe babu. Mafaqihi wana mlango mzima wa hali hii, unaoitwa munasakha, mrithi akifa kabla ya mgawanyo na warithi wake wakaingia mahali pake.

Tuchukue mfano wa kukadiria. Mtu wa Kisarawe amefariki ameacha ekari 10 za minazi na mikorosho, mke, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, wote wa mke huyo. Hesabu yake ni mafungu 40: mke apate thumuni, yaani 5, kila mwana 14 na binti 7. Shamba halikugawanywa. Kisha mama akafariki, na 5 zake zikaenda kwa watoto wake hao: kila mwana akawa na 16 na binti 8. Bado halikugawanywa. Kisha mmoja wa wana akafariki, ameacha mke na binti mmoja. Katika 16 zake mke ana 2, binti yake ana 8, na 6 zilizobaki ni za kaka na dada yake kwa uasaba: kaka 4, dada 2. Sasa kaka aliye hai ana 20, dada ana 10, mjane ana 2, na yatima ana 8. Kwa ekari: kaka ana 5, dada 2 na nusu, mjane nusu ekari, yatima 2.

Kaka huyu ndiye anayeonekana shambani na ndiye mjumbe anayemjua. Anauza ekari zote 10, anatia saini peke yake, serikali ya kijiji inagonga muhuri. Kuuza fungu lake kabla ya mgawanyo ni halali kwake, na washirika wake wana haki ya shuf'a, yaani kumrejeshea mnunuzi bei na kulichukua fungu hilo, ila kwa Mashafi wasichelewe baada ya kujua. Ekari 5 nyingine ameuza kisicho chake. Mahanafi na Malik huyasimamisha mauzo hayo mpaka wenyewe waridhie. Kwa kauli mpya ya Imam Shafi ni batili tangu mwanzo. Na miti haimwokoi, kwani katika madhehebu hii anayeuza ardhi huwa ameuza na miti iliyo juu yake, basi minazi ya yatima imo ndani ya batili hiyo.

Sheria ya nchi nayo inampinga. Sheria ya vijiji inaibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke au mtoto haki yake ya ardhi, na dada na mjane wanaweza kwenda nayo mahakamani. Tofauti iko katika muda. Kwa sheria ya ukomo ya mwaka 1971 dai la kurejesha ardhi hufungwa baada ya miaka 12, ilhali katika fiqhi haki ya mtu haifi kwa kupita miaka. Mwenye haki aliyechelewa huenda akaukuta mlango mmoja umefungwa na mwingine uko wazi, na katika ule ulio wazi hakuna aliyekalia kiti cha kadhi.